Mota ya Droni Hufa kwa Njia Gani, na Utaijuaje Kabla Haijafa

Mota ya droni hudumu saa ngapi? Swali hili huulizwa kila mara, na majibu yake hayapatani kamwe. Huyu atakwambia mota zake zilianza kukwaruza baada ya msimu mmoja wa mashindano. Yule ana droni ya kupigia picha ya miaka minne, na mota ni zilezile zilizotoka nayo kiwandani. Wote wawili wanasema kweli, na wala si lazima mmoja awe alinunua mota mbovu. Mota haina umri mmoja. Ina sehemu moja inayosagika, ina sehemu mbili zinazoharibiwa na joto, na zilizobaki hukaa tu mpaka siku kitu kizigonge. Ukihesabu saa za kuruka, umehesabu ile ya kwanza peke yake, tena kwa kukisia.

Kabla ya yote tuziweke kando droni ndogo za kuchezea. Nyingi kati ya zile nyepesi zinazokaa kiganjani zina mota za brashi, yaani ndani kuna vipande vidogo vinavyosuguana na sehemu inayozunguka ili kuipelekea umeme. Msuguano huo ndio unaozimaliza. Brashi hulika kila mzunguko, cheche huunguza pale zinapogusa, na mota ya namna hiyo huishi saa chache tu za kuruka. Droni ikianza kulalia upande mmoja na kushindwa kupanda ingawa betri imejaa na propela ni nzima, mota ya upande huo imekwisha. Hapo hakuna cha kutengeneza, unabadilisha mota.

Droni nyingine karibu zote hutumia mota zisizo na brashi, na hizi ndizo zinazostahili maelezo. Katikati kuna kiini kisichozunguka: mabati membamba ya chuma yaliyobanwa pamoja na kuchongwa meno, kila jino limezungushiwa waya wa shaba uliopakwa vanishi. Kiini hicho kimefunikwa na ganda linalozunguka, na upande wa ndani wa ganda zimegundishwa sumaku. Mota nyingi za droni za mashindano zina meno 12 na sumaku 14. Kidhibiti mwendo hupeleka umeme kwa zamu kwenye nyaya tatu, sumaku zinavutwa na kusukumwa, ganda linazunguka na propela yake. Kati ya sumaku na meno kuna mwanya wa sehemu ndogo ya milimita, kwa hiyo hazigusani kabisa. Kinachogusana na kusuguana ndani ya mota nzima ni beringi mbili, moja juu na moja chini ya shafti. Nyaya zisipoungua na sumaku zisipopasuka, mota ina umri wa beringi zake.

Beringi na hesabu yake

Beringi inayotumika sana kwenye mota za propela za inchi 5 ina kipenyo cha milimita 9 kwa nje na tundu la milimita 4. Ndani yake mna gololi za chuma zinazobingirika kwenye njia iliyosuguliwa ikang'aa, zikiwa na grisi kidogo sana. Sasa fikiria kazi inayopewa beringi. Mota inayozunguka mara 20,000 kwa dakika inafikisha mizunguko milioni 1.2 kwa saa moja, na kwa saa 100 ni milioni 120. Droni ya picha yenye propela pana, inayoelea kwa mizunguko kama 5,500 kwa dakika, inatumia mizunguko 330,000 tu kwa saa. Yaani saa moja ya mbio ni sawa na zaidi ya saa tatu na nusu za kuelea, na hapo hatujagusa suala la mzigo.

Mzigo ndio unaobadilisha kila kitu. Wahandisi huhesabu umri wa beringi kwa mizunguko, na kipimo chao cha kawaida ni idadi ya mizunguko ambayo beringi 90 kati ya 100 zitaifikisha zikiwa bado nzima. Kwa beringi za gololi, umri huo hushuka kwa kipeo cha tatu cha mzigo: mzigo ukiwa mara mbili, umri unabaki moja ya nane. Uzito wa droni yenyewe hauisumbui sana beringi. Kinachoisumbua ni propela isiyo na mizani.

Hebu tufanye hesabu. Propela imegusa tawi, ncha imemeguka, na pameondoka gramu 0.1 mahali palipo sentimita 5 kutoka katikati. Kwa mizunguko 20,000 kwa dakika, upungufu huo mdogo unaivuta shafti kwa nguvu ya nyutoni 22 hivi, sawa na kuitundikia uzito wa kilo mbili na kidogo. Mota yenyewe ina gramu 30 na kitu. Tena mvuto hautulii upande mmoja, unazunguka pamoja na propela mara 333 kila sekunde. Kwa kuwa nguvu hiyo hukua kwa mraba wa mwendo, kasoro ileile kwenye mota inayozunguka mara 5,500 ingetoa nyutoni 1.7 tu. Ndiyo maana mwenye droni ya picha anaweza kupuuza mkwaruzo kwenye propela kwa miezi na asione lolote, na mwenye droni ya mbio akaua beringi kwa kosa lilelile. Mimi propela naihesabu pamoja na betri kavu: ni kitu cha kutumia na kutupa. Anayeinyoosha kwa vidole na kurusha tena anaokoa kitu cha bei ndogo na kulipia kwa kitu cha bei kubwa.

Adui wa pili wa beringi ni vumbi. Beringi hizi mara nyingi zina vifuniko vya bati pande mbili, lakini vifuniko hivyo havizibi nafasi yote. Vinazuia kokoto, havizuii vumbi laini. Chembe ikishaingia kwenye grisi, gololi zinaanza kujisaga zenyewe. Mchanga una balaa lake la ziada, kwa sababu mchanga mweusi huwa na chembe za chuma, na ndani ya mota mna sumaku kali. Chembe hizo hazipeperuki kwa upepo wa propela. Hung'ang'ania sumaku, zinasimama kwenye ule mwanya mwembamba, na kukwaruza vanishi ya nyaya kila ganda linapopita.

Na kuna kuanguka. Droni ikipiga chini, gololi hugonga njia yake na kuiachia vishimo visivyoonekana kwa macho. Mota itazunguka vizuri siku hiyo. Kuanzia hapo, kila gololi inapopita kwenye kishimo inagonga, kishimo kinapanuka, na mlio unaongezeka wiki hadi wiki.

Joto haliachi alama

Beringi mbovu hupiga kelele, kwa hiyo hukamatwa mapema. Madhara ya joto ni mabaya zaidi kwa sababu yanakuja kimya.

Sumaku za mota hizi ni za neodimiamu. Daraja la kawaida la sumaku hizo huanza kupoteza nguvu likivuka nyuzi joto 80 hivi. Yapo madaraja yaliyotengenezwa kustahimili 120, na mengine 150, na mota nzuri hutumia hayo. Nguvu iliyopotea kwa joto la kupita kiasi hairudi yote mota ikipoa. Kinachofuata kinawachanganya wengi: mota yenye sumaku dhaifu haizunguki polepole. Bila mzigo huzunguka kwa kasi zaidi kuliko zamani, kwa sababu sumaku ndizo zinazozalisha volti ya kupingana na ile ya betri, na zikilegea upinzani unapungua. Ila ikiwekewa propela, inahitaji ampea nyingi zaidi kutoa msukumo uleule. Ampea zikiongezeka joto linaongezeka, na joto linazidi kuidhoofisha sumaku.

Waya wa shaba nao unaongeza mafuta kwenye moto huo. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi joto moja. Mota iliyoanza kwenye nyuzi 25 ikafika 125 ina nyaya zenye ukinzani uliopanda kwa asilimia 39, kwa hiyo ampea zilezile sasa zinazaa joto kubwa zaidi. Vanishi inayotenganisha nyaya huwa na kiwango chake cha kustahimili, mara nyingi nyuzi 180 au 220, na kanuni ya zamani ya mafundi umeme inasema kila nyuzi 10 za ziada huupunguza umri wa vanishi kwa nusu. Kwenye mota ya bei nafuu, basi, sumaku zinaweza kudhoofika kitambo kabla nyaya hazijaungua. Utaiona mota ikiwa safi, shaba yake inang'aa, beringi zake kimya, na bado imechoka.

Dalili pekee utakayoiona angani ni muda wa kuruka kufupika, na kila mtu hapo hulaumu betri. Kabla ya kununua nyingine, ijaribu betri hiyo kwenye droni nyingine, au weka betri mpya kwenye droni yako. Betri mpya ikiisha mapema vilevile, na propela ni zile za siku zote, ziangalie mota.

Kukagua kwa kulinganisha

Uzuri wa droni ni kwamba huhitaji kujua mota nzuri inatakiwa kuwaje. Unazo nne zinazofanana, zilizonunuliwa siku moja, zilizoruka saa zilezile. Isiyofanana na wenzake ndiyo yenye neno. Sioni kipimo chochote cha dukani kinachoshinda hicho kwa mtu wa kawaida.

Chomoa betri, toa propela zote. Zungusha ganda la kila mota polepole kwa kidole huku mkono mwingine umeshika mkono wa droni karibu na mota. Utahisi mikwamo laini inayolingana: hizo ni sumaku zinaruka kutoka jino hadi jino, ni jambo la kawaida. Unachotafuta ni kitu kingine, mkwaruzo wa mchanga mchanga unaopanda mpaka kwenye mkono ulioshika fremu. Mkono huo husikia kuliko kidole kinachozungusha, kwa sababu kidole kimeshughulishwa na mikwamo ya sumaku. Halafu sukuma ganda lizunguke lenyewe na usikilize. Beringi nzima hunyamaza au hutoa mvumo mwembamba. Iliyokauka grisi hulia kwa ukavu, na iliyogongwa hutoa mlio wa kurudiarudia mahali palepale pa mzunguko. Zote nne zipe msukumo unaolingana na utazame ipi inasimama kwanza.

Kisha lishike ganda na ulivute juu na chini. Mchezo mdogo wa kupanda na kushuka si ubovu, mradi sumaku zinalirudisha mahali pake ukiachia. Likibaki juu, au likigonga kwa sauti, tazama chini ya mota: kibano au skrubu inayoshikilia shafti imelegea, na hilo ni la kushughulikiwa siku hiyohiyo, maana ganda linaweza kuchomoka angani pamoja na propela. Mchezo wa kwenda pembeni ni habari nyingine. Huo haufai kuwepo, na ukiuhisi beringi zimekwisha au shafti imepinda. Kutofautisha, tazama mwanya kati ya ganda na kiini dhidi ya mwanga huku ukizungusha taratibu. Mwanya unaopanuka na kufumba kila mzunguko unamaanisha ganda au shafti imepinda. Mstari unaong'aa kwenye sumaku au kwenye meno unamaanisha tayari vimeanza kugusana.

Kagua nyaya kwa tochi. Shaba iliyogeuka kahawia nzito au nyeusi sehemu moja, na harufu ya vanishi iliyoungua, havihitaji mjadala. Ila kuna kifo kimoja kinachosingiziwa uzee bila haki: skrubu ndefu. Skrubu ya kufungia mota kwenye fremu ikizidi kidogo tu, ncha yake inafika kwenye nyaya, inachana vanishi, na mota mpya kabisa inapiga shoti siku ya kwanza. Weka mita ya umeme kati ya waya mmoja wa mota na chuma cha kiini, betri ikiwa imechomolewa. Panatakiwa pasipite umeme kabisa. Usijisumbue kupima ukinzani wa nyaya zenyewe kwa mita ya kawaida. Ni sehemu ndogo mno ya omu moja, na utakachosoma ni ukinzani wa nyaya za mita yako.

Kuna mota ambayo ukiizungusha kwa mkono inakaza kama inayosukumwa ndani ya matope, bila mkwaruzo wowote. Watu huikimbilia beringi, na beringi haina kosa. Hiyo ni shoti, na iko sehemu mbili: ndani ya mota au kwenye kidhibiti mwendo. Ukiweza kushika chuma cha kulehemu risasi, fungua nyaya tatu za mota hiyo na uizungushe tena. Ikilegea, mbovu ni kidhibiti. Ikiendelea kukaza, nyaya zake zenyewe zimeshikana. Ukiwa umeshazifungua, unganisha nyaya mbili kwa wakati, zungusha, kisha ubadilishe jozi mpaka zote tatu zipite. Kila jozi inatakiwa kukaza sawa na wenzake. Ambayo haikazi kabisa, humo mna waya uliokatika.

Kipimo cha mwisho ni cha kidole, mara tu droni inapotua. Mota usiyoweza kuishika kwa sekunde chache imefika kama nyuzi 60 kwa nje, na ndani ni zaidi. Hapa, hata hivyo, kulinganisha kunahitaji akili kidogo. Mota za nyuma zikiwa moto kuliko za mbele, huenda uzito wa betri umeegemea nyuma na mota hazina tatizo. Mbili za kukingama zikiwa moto kuliko mbili nyingine, tazama kama kuna mota iliyokaa upande kwenye mkono uliopinda, kwa sababu droni inatumia nguvu kujizuia isijizungushe. Zote nne zikiwa moto, propela ni nzito mno au mipangilio ya kidhibiti ndege, yaani kompyuta ndogo inayoiweka droni sawa angani, imekazwa kupita kiasi, inazitikisa mota mamia ya mara kwa sekunde bila sababu. Ni mota moja pekee iliyo moto kuliko tatu nyingine ndiyo inayostahili kushukiwa yenyewe, na hata hiyo ibadilishie propela kwanza kabla hujaihukumu.

Wenye droni zinazoandika kumbukumbu za kuruka wana jicho la ziada. Mota inayoelea kwa asilimia kubwa ya nguvu kuliko wenzake siku isiyo na upepo inajitaja. Kwenye ArduPilot, programu ya kuongozea droni, mtetemo huandikwa kwa mita kwa sekunde mraba. Chini ya 30 kwa kawaida hakuna shida, na juu ya 60 droni karibu daima hupata tabu kushikilia kimo au mahali. Thamani ya grafu hiyo ni kuiangalia ikipanda kidogokidogo kutoka mwezi hadi mwezi, jambo ambalo kidole hakiwezi kukumbuka.

Ukishagundua

Vumbi la chuma litoe kwa kipande cha selotepu au plastisini, kibonyeze kwenye sumaku na uvute. Usipulizie beringi kwa hewa yenye shinikizo, maana hewa inasukuma uchafu ndani na kuizungusha beringi kavu kwa kasi. Beringi inayolia kwa ukavu inaweza kupewa tone moja la mafuta mepesi. Lile dawa la kopo la kufungulia nati zenye kutu si mafuta ya beringi, linaosha grisi iliyobaki na kukuachia kimya cha siku mbili. Beringi yenye mkwaruzo haitibiwi kwa mafuta. Kama mota yako inafunguka, beringi mpya ni kazi ya dakika chache na kifaa cha kusukumia, na mota inarudi karibu upya. Mota ikitumbukia kwenye maji ya chumvi, isuuze na maji safi mara moja, ikaushe, itie mafuta, ukijua kwamba beringi zake zimepunguziwa siku hata ukifanya yote hayo.

Shafti iliyopinda, sumaku iliyopasuka, nyaya zilizoungua: hizo badilisha bila kusita. Unaweza kubadilisha mota moja tu, mradi ni ya aina ileile, na kidhibiti ndege kitajirekebisha. Zinapochakaa ni beringi za mota moja baada ya saa nyingi bila ajali wala propela mbovu, hesabu nyingine tatu ziko njiani. Droni ya mota nne haina ya akiba: moja ikisimama, inaanguka. Ya mota sita au nane mara nyingi hufanikiwa kutua. Kwa hiyo kwa droni ya mota nne inayobeba kamera ya thamani ningezibadilisha zote kwa pamoja, na kwa ile ya kujifunzia ningezirusha zilizobaki mpaka zianze kulia. Mota iliyotolewa usiitupe nzima. Ganda lake lisilopinda litaingia kwenye kiini kingine cha aina hiyohiyo, na vibano na skrubu za shafti ni vitu ambavyo hupotea mchangani siku unayovihitaji.